Uchialida chuoni Marekani: jinsi ya kuamua kama uendelee nao au uuache

Huu mwongozo nauandika kwa ajili ya mabinti wa familia zetu waliokulia huku Marekani, wale wa Dallas, Houston, Minneapolis, Louisville, Lexington, waliofanya uchialida (cheerleading) sekondari na sasa wako darasa la 11 au la 12 na kila mtu anawauliza mwakani vipi, utaendelea au ndo basi. Wavulana pia mnahusika, nitawafikia. Na wazazi mnaosoma kwa niaba ya mtoto msiishie juu juu, kuna sehemu ya pesa na sehemu ya kuumia na hizo mbili zinatakiwa zizungumzwe nyumbani mkiwa mmekaa, sio kwa simu siku mbili kabla ya majaribio.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Uchialida wa chuo ni kitu kizuri sana kwa anayeufaa, ila kujiuliza "naupenda?" hakutoshi, karibu kila anayefika hatua hii anaupenda. Jiulize ni uchialida upi, chuo gani, nani analipa, na ukianguka nani anakushughulikia. Ukiwa na majibu ya hayo manne, tena kwa maandishi, kuamua hakukusumbui.

Hatua ya 1: jua ni uchialida upi unaouongelea

Manake watu wanasema "uchialida wa chuo" kama kitu kimoja na sio kimoja. Kuna timu ya siku ya mechi, hawa kazi yao iko uwanjani, mpira wa Kimarekani kuanzia mwisho wa mwezi wa nane, basketi kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu, wanaongoza mashabiki, mabango, bendera, stanti kadhaa (kunyanyuana juu), picha na watoto wa wafadhili. Alafu kuna timu ya mashindano, hawa wanatumia miezi kuandaa onyesho la dakika mbili na ushee tu na kila sekunde ina kitu. Vyuo vingi wanaofanya mashindano ndo haohao unaowaona kwenye mechi, kwa hiyo unabeba mizigo yote miwili.

Mashindano makubwa ni mawili, yanaandaliwa na mashirika ya uchialida UCA na NCA. Ya UCA yanafanyika Orlando mwezi wa kwanza, ya NCA yanafanyika Daytona Beach mwezi wa nne, yote Florida. Angalia chuo unachokitaka kinaenda yapi, kwa sababu cha Orlando maana yake sehemu kubwa ya likizo ya Krismasi uko mazoezini wakati wenzako wako nyumbani wanakula pilau, na cha Daytona maana yake mazoezi makali yanakukuta katikati ya semista ya pili. University of Kentucky pale Lexington, mji ambao Wakongo wanaozungumza Kiswahili wamejaa, ndo wamechukua ubingwa wa UCA kwenye daraja la juu mara nyingi kuliko chuo kingine chochote. Texas kuna Navarro College, Corsicana, na Trinity Valley kule Athens, hivi ni vyuo vya miaka miwili tu lakini kwenye uchialida ni vigogo, watu wanahama majimbo kwenda kusoma pale kwa ajili hiyo tu.

Vyuo vya kihistoria vya watu weusi vina utamaduni wao kabisa, hasa Virginia na North Carolina, ule mtindo wa kukanyaga chini kwa kishindo, makofi, kutikisa na sauti kubwa. Woo Woos wa Virginia State University ndo wanaotajwa sana. Pale mdundo na nguvu ya sauti vina uzito mkubwa, kwa hiyo kama we ni mtu wa ngoma na hujawahi kupiga samasoti ya nyuma (kupinduka hewani kinyumenyume) maisha yako yote, usijiondoe kabla hujaangalia huko.

Na kuna watoto wawili waliozaliwa na uchialida ambao wengi hawawajui: mchezo unaoitwa STUNT, na akrobatiksi na tamblingi (mchezo mmoja wa sarakasi). Humo hamna kushangilia timu ya mtu, ni chuo na chuo mnashindana sarakasi na kunyanyuana, mna pointi, mna ligi. Akrobatiksi na tamblingi iliingizwa na NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kwenye orodha ya michezo ya wanawake inayochipukia mwaka 2020, STUNT ikafuata 2023. Baylor, pale Waco, ni wababe wa akrobatiksi. Kama unachopenda ni stanti na sarakasi na hujali kabisa mechi na mabango, anza kutafuta huko, nasema kwa moyo wote, kuna mabinti wengi wangefurahi zaidi huko ila hamna aliyewaambia.

Hatua ya 2: elewa kwamba kisheria chuoni huu sio mchezo

Hapa nisomeni taratibu kwa sababu mengine yote yanatoka hapa. Ukiwatoa hao wawili niliowataja, NCAA haiutambui uchialida kama mchezo. Kamati ya Olimpiki ya kimataifa ilishalitambua shirikisho la uchialida la dunia, kwa muda 2016 na moja kwa moja 2021, lakini kwenye vyuo vya Marekani bado.

Ililetwa mpaka mahakamani. Quinnipiac University, jimbo la Connecticut, walitaka kufuta voliboli ya wanawake alafu wahesabu timu yao ya uchialida wa mashindano kama mchezo wa wanawake, ili waonekane wametimiza sheria ya usawa ya mwaka 1972 inayoitwa Title IX. Wachezaji wa voliboli na kocha wao wakashtaki. Mwaka 2010 jaji Stefan Underhill akasema hapana, uchialida haujajipanga kiasi cha kuhesabika kuwa mchezo wa chuo, na rufaa ya 2012 ikakubaliana naye.

Sasa hiyo inakugusaje wewe? Inakugusa hivi. Mchezaji wa basketi analindwa na kanuni za NCAA, kwa mfano msimu ukiwa umeanza mazoezi yake hayatakiwi kuzidi masaa 20 kwa wiki. Wewe chialida kanuni hiyo haikuhusu, kocha akitaka masaa 25 hamna wa kumgusa isipokuwa chuo chenyewe. Yule ana mtaalamu wa majeraha, ana mwalimu wa kumsaidia masomo akiwa safarini, ana ukumbi wa vyuma. Wewe inategemea. Kuna vyuo machialida wanapewa vyote hivyo sawa kabisa na wachezaji, na kuna vyuo timu iko chini ya ofisi ya shughuli za wanafunzi kama klabu ya chesi na mnachangishana nauli wenyewe. Kutoka nje huwezi kujua, sare zinang'aa sawa.

Kwa hiyo muandikie kocha email. Faida moja ya kutokuwa chini ya NCAA ni kwamba zile kanuni za lini kocha aruhusiwe kuongea na mwanafunzi hazikuhusu, unaweza kuandika hata ukiwa darasa la 10. Muulize timu iko chini ya idara ya michezo au ofisi nyingine, masaa mangapi kwa wiki, mtaalamu wa majeraha anakuwepo mazoezini au la, nani analipia hospitali, sare na kambi ya kiangazi nani analipa, na kama mna barua ya ruhusa ya kukosa darasa mkisafiri. Kocha mzuri anajibu yote bila kinyongo. Anayekwepa la hospitali, huyo ameshajibu.

Hatua ya 3: chagua chuo kwanza, timu baadaye

Hii ni fupi. Nafasi ya timu ni ya mwaka mmoja mmoja, kila mwaka mnafanya majaribio upya hata waliokuwepo, na ufadhili wake hivyohivyo. Makocha wanahama. Magoti yanaumia. Kama chuo hicho bila uchialida usingekisogelea, basi usikisogelee, kwa sababu inaweza kufika mwezi wa tano wa mwaka wa kwanza ukajikuta uko mji usioupenda, kozi wanayo nusunusu, na jina lako halimo kwenye orodha.

Tazama na kozi yenyewe. Kwetu wengi tunasomea unesi, na unesi ukifika mafunzo ya hospitali unatakiwa wodini saa moja asubuhi, na timu nyingi zinafanya mazoezi saa kumi na mbili asubuhi. Muulize kocha swali moja tu, "una chialida yeyote anayesoma unesi mwaka wa tatu?" Kama yupo omba uongee naye. Kama wote waliwahi kuacha mmojawapo, umeshaelewa.

Hatua ya 4: andika wiki yako kwenye karatasi

Sio kichwani, kwenye karatasi. Weka madarasa, krediti 12 ndo kima cha chini kuhesabika mwanafunzi wa muda wote na timu karibu zote zinataka hivyo, na kwa mwenye viza ya F-1, ya mwanafunzi wa kigeni, hiyo ni lazima timu au bila timu. Weka masaa ya kusoma. Weka kazi kama unafanya kazi, na uwe mkweli, kama hela yako inasaidia kodi ya nyumbani andika. Weka kanisa au msikiti, weka wadogo zako kama we ndo unawafuata shule. Alafu ndo uweke mazoezi mara tatu nne kwa wiki, vyuma mara mbili, na mechi.

Na mechi sio masaa matatu. Chukua Jumamosi ya mwezi wa tisa Texas, mechi inaanza saa tano asubuhi. Umeamka saa kumi alfajiri kwa ajili ya nywele na mekapu, saa mbili mko mnapokea mashabiki na mnapiga picha, mnazunguka na bendi, saa nne uko uwanjani unapasha mwili, jua limeshakuwa kali na lile jani la bandia linatoa joto kutoka chini mpaka unalisikia kwenye soli ya kiatu, alafu masaa matatu na nusu umesimama unatabasamu timu yako ikishinda au ikipigwa. Ukifika chumbani ni saa kumi na moja jioni na huna nguvu ya kufungua kitabu. Jumapili ndo unasomea. Wapo wanaoyapenda maisha hayo kuliko kitu chochote, na urafiki unaotoka pale ni wa kudumu, siwezi kuupunguza. Lakini uone kwenye karatasi kwanza kama Jumapili yako iko huru.

Hatua ya 5: kuumia

Nitasema wazi. Wataalamu wanaofuatilia majeraha mabaya kabisa ya michezo Marekani, ya shingo, uti wa mgongo na kichwa, wamekuta kwa miaka mingi kwamba kwa upande wa wanawake uchialida ndo unaongoza, sekondari na chuoni. Kwa idadi sio matukio mengi ukilinganisha na maelfu wanaofanya, ila yakitokea ni makubwa. Mwaka 2006 chialida wa Southern Illinois University alidondoka kutoka kwenye piramidi katikati ya mashindano ya basketi St. Louis, akatua kwa kichwa kwenye sakafu ya mbao, akapata mpasuko kwenye mfupa wa shingo na mtikisiko wa ubongo. Wakati anatolewa amefungwa kwenye machela bendi ikapiga wimbo wa chuo, naye akawa anafanya miondoko ya mikono palepale amelala. Watu walishangilia sana. Mi kila nikikumbuka ile naona binti ambaye shingo yake ilikuwa bado haijapimwa. Baada ya hapo kanuni zikabanwa, kurushana juu kama kikapu kwenye sakafu tupu ya basketi na piramidi ndefu bila magodoro vikakatazwa.

Kwa hiyo kabla ya kusema ndiyo, nenda ukaangalie mazoezi, mechi haikuonyeshi. Angalia stanti mpya inajifunzwa juu ya magodoro au kwenye sakafu. Angalia kama kuna watu wamesimama kuzunguka tayari kudaka. Angalia kocha anasema nini mtu akianguka kichwa kikagonga, anamtoa apimwe au anamwambia anywe maji arudi. Muulize kama ana cheti cha usalama cha USA Cheer, shirika la uchialida la taifa, aliyenacho hujivunia kukuonyesha.

Na angalia nafasi yako. Flaya, yule anayenyanyuliwa, anaanguka kutoka juu, ndiyo, lakini besi wanaombeba na bekspoti anayesimama nyuma kumdaka ndo wanaokula viwiko, pua, mabega na mgongo kila siku ya Mungu. Kama ulishapata mtikisiko wa ubongo mara zaidi ya moja sekondari, muone daktari kwanza, uamuzi huo sio wa kocha wala wa mama.

Kitu kingine ambacho hakisemwi: flaya na uzito. Kuna makocha wanaongea uzito mbele ya timu nzima. Ukiwa mazoezini sikiliza kama mabinti wanaongelea kutokula. Ukisikia hivyo ondoka, hata kama ni mabingwa.

Hatua ya 6: pesa

Wazazi wengi wameshalipa maelfu ya dola kwenye majimu ya mashindano (kumbi binafsi za kufundisha uchialida), kwa hiyo wanategemea chuo kirudishe. Mara nyingi hakirudishi. Vyuo vingine vinatoa ada nusu au nzima, vingine dola mia kadhaa za vitabu, vingine sare na viatu tu, vingine unalipa wewe. Omba waandike ni kiasi gani, ni cha semista au mwaka, masharti ya alama ni yapi, na ukiumia katikati ya msimu kinaendelea au kinakatwa.

Alafu nenda ofisi ya misaada ya fedha na karatasi hiyo mkononi uwaulize kama huo ufadhili utapunguza msaada mwingine uliopewa. Kuna familia zinafurahia dola elfu mbili za timu, kumbe kwenye ruzuku nyingine kimepunguzwa kiasi hichohicho. Wa F-1, kabla hujapokea hela yoyote ya mkononi kutoka kwenye timu, pitia ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Ufadhili wa ada ni jambo moja, malipo yanayofanana na mshahara ni jambo jingine, na hilo sio la kubahatisha.

Hatua ya 7: ongea na nyumbani

Mama wengi wa kwetu wakisikia uchialida wanaona sketi fupi. Usibishane naye kwa maneno, mpeleke mazoezini siku ya kawaida, wote mkiwa na tisheti na jasho, aone mabinti watatu wamembeba mwenzao kwenye viganja juu ya vichwa vyao na yeye kanyooka hatikisiki. "Kumbe ni kazi hivi?" Hapo ndo uanze kuongea naye habari za chuo.

Sketi yenyewe nayo muiongelee kweli. Kwa wasichana wa Kiislamu, na hata wa Kikristo wasiotaka kuonyesha mapaja, uliza kuhusu taitsi na hijabu ya michezo mapema, wakati wa kuandikiana na kocha, kwa sababu sare zinaagizwa kabla msimu haujaanza. Wapo makocha wanasema sawa palepale. Nywele vilevile, timu nyingi zinataka mkia wa juu wenye mawimbi, uliza kama misuko inakubalika. Texas sheria ya CROWN, inayokataza ubaguzi kwa sababu ya nywele, ilianza tarehe 1 mwezi wa 9 mwaka 2023 na inavigusa vyuo pia, California walitangulia 2019, kwa hiyo kuna majimbo ambayo mtu hawezi kukukataza rasta kirahisi.

Na uliza machialida wanatumwa wapi nje ya mechi. Mwaka 2021 chialida wa Northwestern University alifungua kesi akidai walikuwa wakipelekwa kuchangamana na wafadhili na mashabiki waliolewa, na kushikwashikwa. Muulize kocha kwenye hafla za wafadhili mnaenda na nani, na ukisema hutaki kwenda inakuwaje.

Wavulana sasa. Baba akikuambia hiyo ni ya wasichana, mwambie ilianzishwa na mwanaume, Johnny Campbell, University of Minnesota, mwezi wa 11 mwaka 1898, wanawake waliingia miaka ya 1920. Eisenhower alipoumia goti West Point, chuo cha jeshi, akawa chialida, alafu akawa jenerali, alafu rais. Na nyie mna nafasi kuliko dada zenu, timu za mchanganyiko (wanawake na wanaume pamoja) zinatafuta wanaume wenye nguvu kila mwaka na wengi wanachukuliwa hawajawahi kufanya kabisa, wametoka kwenye mpira au mieleka wakafundishwa kunyanyua.

Hatua ya 8: video na majaribio

Majaribio mengi ni mwezi wa nne na wa tano, na timu nyingi zinataka video kabla, pamoja na uthibitisho kwamba chuo kimekupokea na fomu ya daktari. Timu za juu za mchanganyiko zitataka samasoti ya nyuma ukiwa umesimama hapohapo bila kukimbia, mfululizo wa kukimbia unaoishia na samasoti au zaidi, na stanti za kurushwa juu moja kwa moja. Timu za siku ya mechi tu zinashuka chini ya hapo, nyingine hazidai sarakasi kabisa. Soma orodha ya mwaka jana ya chuo husika, karibu wote wanaiweka.

Jambo linaloangusha wengi: sakafu ya jimu ya mashindano ina springi chini. Chuoni utaruka kwenye nyasi, kwenye mbao za basketi, au kwenye magodoro yaliyotandikwa juu ya zege. Samasoti iliyokuwa juu kabisa kwenye springi inarudi chini na unatua umeinama. Kuanzia mwezi wa kumi na mbili hivi, mwalimu wako akiwepo, hamia taratibu kwenye godoro gumu, alafu nyasi. Na video irekodi huko, bila kukatakata, miguu yote ionekane wakati wa kutua. Kocha akiona umetua salama kwenye nyasi anakuamini kuliko manjonjo ya jimuni.

Jifunze wimbo wa chuo na miondoko yake, upo mtandaoni. Kwenye mahojiano watakuuliza kwa nini chuo hiki, na kama ulifuata Hatua ya 3 una jibu la kweli.

Hatua ya 9: majibu yakitoka

Umepata: usisaini siku hiyohiyo. Soma mkataba wa timu, wengi wanao, uone faini, uone sera ya kukosa mazoezi, ya mitandao ya kijamii, ya ujauzito na majeraha. Linganisha na zile email za Hatua ya 2. Kama kuna kilichobadilika, piga simu uulize kabla.

Hujapata: uliza kama kuna timu ya pili, klabu, timu ya wanawake watupu kama ulijaribu ya mchanganyiko, au maskoti wa timu, yule anayevaa vazi la sanamu ya chuo, kazi inayopewa ufadhili vyuo vingi na watu wanaidharau. Mwakani majaribio yapo tena kwa wote.

Umepata lakini umeamua kuacha: muandikie kocha siku hiyohiyo, mistari miwili mitatu ya shukrani inatosha, kwa sababu kuna binti kwenye orodha ya akiba anasubiri simu na kambi ya kiangazi iko karibu.